Viatu vya Nakunda

Ukipima mguu, pima na njia. Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu Mndeme asubuhi, alipokuja kuaga kwamba anakwenda mgodini na kwamba mchumba wake amsubiri kidogo tu. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza viatu na uchumba wapi na wapi. Haya, kaeni. Lakini msitegemee niimbe wala nipambe maneno. Nimeamka nimechoka, na hadithi yenyewe ni ya mtu aliyechoka kuliko mimi. Methali hiyo ilianza hivi.

Huko milimani Kisangeni, kabla ya barabara kukatwa, aliishi mjane aliyeitwa Nakunda. Alikuwa na shamba la migomba na mtoto mmoja wa kiume, Senkondo. Ndizi zilistawi mlimani, lakini wanunuzi walikuwa chini tambarare, kwenye gulio. Kwa hiyo kila siku ya gulio Nakunda aliweka ngata kichwani, akajitwika tenga, akateremka kwa njia ya mawe, na jioni akapanda tena na chumvi na mafuta ya taa.

Senkondo alipokuwa kijana kamili alimwonea mama yake huruma. Siku aliyoondoka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, alimwomba akae kitini na kunyoosha mguu. Akakata kijiti sawasawa na unyayo wake, kuanzia kisiginoni mpaka kwenye ncha ya kidole gumba, akakitia mfukoni.

“Nitakuletea viatu vya ngozi, mama,” alisema. “Nisubiri kidogo tu. Hutashuka tena gulioni.”

Sasa watu wa Kisangeni walikuwa na desturi yao. Mwana akisafiri mbali, mama yake alivua makubadhi, akayatundika, akatembea peku mpaka mwana arudi. Walisema kila mwiba unaomchoma mama umepungua katika njia ya mwanawe. Na wa kuifungua nadhiri hiyo alikuwa mwana peke yake: amvishe mama viatu kwa mikono yake mbele ya wazee wa ukoo, naye mama avuke ua navyo mpaka mlangoni pake. Akivaa kabla ya hapo, hata kwa kwenda kuoga, basi miiba yote ingemgeukia mtoto huko aliko. Msiniulize kama ni kweli. Nakunda aliamini, na mama akishaamini jambo la mwanawe, kubishana naye ni kutwanga maji kinuni.

Vuli ikapita, masika ikapita, na ile “kidogo tu” ikazaa miaka. Salamu zilimfikia mara mojamoja kwa vinywa vya wapita njia: Senkondo mzima, anakusalimu, yuko njiani. Nakunda alishuka, akapanda. Kiangazi mawe yaliwaka moto chini ya nyayo zake. Wakati wa baridi visigino vilipasuka magaga, akawa anayapaka mafuta ya nyonyo na kuyafunga kitambaa. Mbigiri za tambarare zilimchoma mpaka ngozi ikaota sugu. Na uzito wa tenga uliutandaza mguu mwaka hata mwaka, vidole vikaachana, kila kimoja kikitafuta pake pa kushika.

Jirani yake alimletea makubadhi, akamshauri ayavae angalau kule kwenye mbigiri, ambako hakuna atakayemwona.

“Nikivaa mimi, atachomwa yeye,” Nakunda alijibu, akayarudisha.

Nisiwafiche, alichoka. Alichoka uchovu ule usioondoka kwa usingizi. Unalala nao, unaamka nao, unajitwika nao. Zamani aliwaza viatu vyekundu, aliwaza watu watakavyomtazama kanisani. Mwishowe hakuwaza hayo tena. Alitamani kitu kimoja tu, siku ya gulio impite akiwa amekaa mlangoni pake.

Hatimaye Senkondo akarudi. Alikuja amevaa suruali iliyonyooshwa pasi, mkononi ana boksi. Wanawake walipiga vigelegele njia nzima. Mzee Kalutu, kaka wa marehemu baba yake, aliwaita wazee wa ukoo, wakakaa uani, na Nakunda akaletewa kigoda katikati yao. Alijua kwamba akishauvuka ule ua, basi.

Senkondo alifungua boksi. Viatu vilikuwa vya ngozi laini ya rangi ya kahawia, vimefungwa mbele kwa kishikizo cha shaba, na watu wakaguna kwa uzuri wake. Akapiga magoti, akaushika mguu wa mama yake wa kulia, akauingiza. Vidole viliingia nusu vikakwama.

“Kunja vidole, mama.”

Nakunda akavikunja. Mguu haukuingia. Senkondo akaomba mafuta, akaupaka, akasukuma, akavuta, jasho likamtoka. Ufa mmoja wa kisiginoni ukafumuka, damu ikadondoka kwenye ngozi mpya. Nakunda alikuwa ameuma mdomo, anasukuma pamoja naye, maana yeye ndiye aliyetaka zaidi ya wote viatu vile viingie.

“Mwache apumzike,” alisema Mzee Kalutu. “Lakini mnajua desturi. Bila viatu vyote viwili kuvaliwa, nadhiri bado iko shingoni mwake.”

Senkondo akasimama. Aibu ilikuwa imempanda, na aibu ya kijana haikawii kugeuka hasira. Akatoa kile kijiti mfukoni, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa, akakipima ndani ya kiatu mbele ya watu wote.

“Tazameni wenyewe. Kipimo ni hiki hiki alichonipa. Kila mwaka nilikuwa nakitazama, sikukipoteza. Kosa langu mimi liko wapi?”

Nakunda alijifuta damu kwa upindo wa kanga yake.

“Kijiti chako hakina uongo, mwanangu,” alisema taratibu. “Mguu uliupima, tena vizuri. Njia ndiyo hukuipima.”

Wazee walitazamana. Senkondo akakaa chini palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya pasi.

Siku ya gulio ikafika. Nadhiri ilikuwa bado, na ndizi zilikuwa zinaiva, kwa hiyo Nakunda akachukua ngata yake kama kawaida. Senkondo akamnyang'anya tenga.

“Nitabeba mimi,” alisema. “Nikifika chini nitamwona Zayumba, fundi wa katambuga. Yeye anakata tairi, atakuchongea unavyotaka.”

“Basi vua viatu vyako,” mama yake alisema. “Huwezi kumweleza fundi njia usiyoijua.”

Akavua. Kwenye mteremko wa kwanza alikuwa bado anaongea, anasimulia habari za mkonge na manamba, vibarua wenzake. Kwenye mteremko wa pili alinyamaza. Walipofika kwenye mbigiri alikuwa anatembea kwa ukingo wa miguu kama kuku aliyefungwa kamba, na mama yake anamsubiri mbele.

“Kila gulio, mama?” aliuliza.

“Kila gulio.”

“Hata la masika?”

“Watu hawaachi kula masika.”

Senkondo akageuza uso upande wa bondeni, akalia, tenga likiwa kichwani. Nakunda alimwacha alie. Angependa kumbembeleza, lakini hakuwa na nguvu ya kubembeleza mtu. Alikaa juu ya jiwe akachomoa mwiba wake.

Zayumba aliusikiliza mkasa wote huku akinoa kisu chake. Senkondo alipompa kile kijiti, alikitazama akakiweka kando. Akalaza kipande cha tairi chini, akamwambia Nakunda ajitwike tenga asimame juu yake.

“Mguu uliokaa na mguu uliobeba si mguu mmoja,” alisema, akauzungushia mkaa.

Kesho yake wazee walikaa tena uani. Viatu safari hii vilikuwa katambuga, vipana, vyeusi, havina uzuri wowote. Senkondo alipiga magoti, miguu yake mwenyewe imevimba, akaviingiza mguu mmoja baada ya mwingine, akafunga kamba. Viliingia. Nakunda akasimama, akavuka ua polepole mbele ya watu, akafika mlangoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Kalutu akasema, “Nadhiri imekwisha.”

Nakunda akaketi kizingitini, akafungua kamba, akavua.

Senkondo alishtuka. “Vinakubana, mama?”

“Havinibani. Ni vizuri.”

“Mbona umevua?”

“Viatu vya kwendea nimevipata,” alisema Nakunda. “Mwendo ndio ulioniishia. Gulio lijalo nenda wewe. Tenga liko nyuma ya mlango.”

Akanyoosha miguu juani, akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango, akasinzia wageni wakiwa bado wanakula. Senkondo alishuka gulio lile, na lililofuata, na yote yaliyofuata mpaka alipomzika. Katambuga zile Nakunda hakuzivaa tena, na nyayo zake hazikupata kuchakaza hata upande mmoja wa tairi.

Kwa hiyo mkimwona Mndeme, mwambieni kwamba shangazi yenu hakumtukana. Yeye amesema atarudi baada ya kidogo. Kidogo ni kipimo cha anayeondoka. Anayebaki anakitembea hicho kidogo chote kwa miguu yake, na siku mwenzake anaporudi na zawadi, anamkuta mtu mwingine ameketi mlangoni, mpole, mchovu, anayeshukuru kwa kitu ambacho hakihitaji tena. Ukipima mguu, pima na njia.