Hakimu Aliyemnyima Bi Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, lakini haya, nitawapa. Hapo zamani za kale nyika iligawanyika kambi mbili: wenye pembe na wenye meno makali. Kambi iliyoshika ufalme ndiyo iliyomteua hakimu, na hakimu hakumsahau aliyempa kiti.

Bi Digidigi, mjane mwenye mtoto mmoja, hakuwa na pembe wala meno makali. Siku moja Ngiri akamvamia kichakani mwake akidai ni kwa babu zake. Ngiri huyo, pembe zake zatoka mdomoni, basi kambi zote mbili humwita ndugu.

Alipotawala Nyati, Bi Digidigi alikwenda barazani. Hakimu Kifaru akamuuliza, "Pembe zako ziko wapi?" Akarudi akilia.

Alipotawala Chui, akaenda tena. Hakimu Fisi akamuuliza, "Meno yako yako wapi?" Akarudi akilia.

Mara ya tatu akakuta wanyama wanagombania hakimu mpya. Akasema, "Wazee wangu, mfalme asiteue. Anayetaka ajitokeze, akate kesi moja, na atakayeshindwa kesi hiyo ndiye aseme kama hakimu abaki."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nani atamsifu aliyemnyima? Wakakubali kwa kejeli. Kifaru akaitwa, akakataa. Fisi akaitwa, akakataa. Akatoka Kakakuona, hana pembe, hana hata jino moja.

Kesi ya kwanza ikawa ya Bi Digidigi. Kakakuona akamsikiliza mpaka akamaliza, akamsikiliza na Ngiri, kisha akaenda mwenyewe kichakani akachimba. Chini ya mizizi akakuta shimo la kale lenye mifupa ya ngiri.

"Bibi," akasema taratibu, "ni kweli ulizaliwa hapa. Lakini babu zake Ngiri walizikwa hapa kabla yako. Kichaka ni chake. Utakaa mpaka mvua ziishe, mwanao apate nguvu, kisha utahama."

Nyati akamtazama Bi Digidigi, Chui akamtazama. Kichaka alikipenda. Lakini leo hakuna aliyemuuliza pembe, hakuna aliyemuuliza meno. Alisikilizwa mpaka neno lake la mwisho.

"Abaki," akasema.

Nyati akainamisha kichwa. Chui akainamisha kichwa. Hata Fisi, mcheka ovyo, akainamisha kichwa. Hawakuwahi kuona jambo kama lile.

Mvua zilipokwisha, Bi Digidigi akamchukua mwanawe akahama, na safari hii hakulia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kichaka hana, hakimu anaye.