Mkanda wa Kadzo na Fisi Mgeni Rasmi

Hadithi, hadithi!
Hadithi njoo!
Ije peke yake au ije na fisi?
Ije naye, kuku tumeshawafungia!

Haya. Hapo kale, si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, palikuwa na msitu juu ya mlima na chemchemi chini bondeni. Kati yake ilipita njia moja ya wanyama. Walilala mlimani, walikunywa bondeni, na njia ni hiyo hiyo moja.

Akatokea tajiri wa mananasi, akataka kuikata njia ile kwa ukuta. Akawaambia wakubwa wa ofisi ya wanyama kwamba hapo hapapiti kitu, labda upepo. Wakubwa wakakaribia kukubali.

Sasa ndipo akaingia Kadzo. Kadzo alikuwa mtafiti wa wanyama, msichana mweusi kama sisi, mtoto wa hapo hapo, ndiyo kwanza ametoka chuoni na kofia yake bado ina mikunjo ya dukani. Wanyama walimshangaa. Watafiti wote waliowahi kuwaona walikuwa wageni wenye pua za kuchubuka kwa jua, wanaokuchungulia kwa darubini bila hata hodi. Huyu alipiga hodi kichakani. Akamwamkia Kobe shikamoo, akamuuliza habari za watoto, za mvua, na za goti lililokuwa linamsumbua. Kufika jioni alikuwa anayajua mambo ya msitu mzima. Mimi nilimpenda siku ile ile, na wala sikuwepo.

Wakubwa wakampa Kadzo mkanda mmoja wa shingoni, wenye mtambo ndani. Mnyama akiuvaa, unalia pi, pi, pi, na kila aendako kunajichora kwenye kompyuta. Wakamwambia awaonyeshe mnyama mmoja tu anayepita njia hiyo, la sivyo ukuta unajengwa.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Panya si panya, ana pua ndefu kama mrija, mdogo wa kulala ndani ya kiatu. Mkanda ukammeza mzima mzima, ikabidi atafutwe. Tembo naye akajaribu, ukamwenea mkiani. Kwa kutazama tu, shingo ya kuutosha mkanda ule ilikuwa moja, ya Fisi.

Na Fisi, jamani, alikuwa na meno ya kuvunja goti la nyati, na tumbo lisilo na sakafu. Kadzo akamwendea kwa adabu, akamweleza habari za ukuta na za kiu. Fisi akajibu kwamba yeye hafanyi kazi za kujitolea, aletewe mbuzi asubuhi na mbuzi jioni. Kadzo alikuwa na uji wa mtama na ndizi mbili. Akarudi kichwa chini, na moyo ulimuuma hasa, maana msitu mzima ungekufa kwa kiu mikononi mwake.

Sange akamwambia, "Dada Kadzo, usihuzunike. Nipe huo mkanda. Huyu tutamwalika."

"Tumwalike wapi?"

"Harusini."

Sange huyo, piri piri piri, mpaka pangoni kwa Fisi. Akapita mlangoni akiuburuta mkanda kwa meno, kama mtu mwenye haraka zake. Fisi akauliza ni kitu gani. Sange akasema si kitu, ni mkanda wa mgeni rasmi wa harusi ya Ngiri na Pimbi, anampelekea Nyegere. Fisi akauliza mgeni rasmi hupewa nini. Sange akasema kiti cha mbele, maji ya chupa, na paja.

"Paja la nani?"

"Babu, mimi mdogo. Mambo ya mapaja wanajua wakubwa."

Ngwa! Fisi akaunyakua, akauvaa mwenyewe. Pi, pi, pi.

Akashuka bondeni kwa bwana harusi, chopi, chopi, chopi. Mama yake Ngiri, ambaye Sange alikwisha kupanga naye, alikuwa amebandika sufuria, na ndani ya sufuria mna kandambili moja kuukuu na bizari ya kutosha. Harufu ilikuwa ya heshima. Akampa Fisi kiti cha mbele, akamwomba radhi: nyama iko upande wa bibi harusi, kule mlimani.

Fisi akapanda mlimani, chopi, chopi, chopi. Pi, pi, pi. Mjomba wake Pimbi alikuwa anakoroga kandambili ya pili. Akampa kiti cha mbele, akamwomba radhi: nyama imetangulizwa kwa bwana harusi, bila shaka wamepishana njiani.

Fisi chini, chopi, chopi. Fisi juu, chopi, chopi. Kila akitaka kukata tamaa, mtu anamwita mgeni rasmi, na miguu inapata nguvu. Akilala njiani anaota paja, akiamka anaendelea. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu alipewa moja, ikamshinda vilevile.

Kule kwenye kompyuta, mstari ukanenepa, ukanenepa, ukawa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Kadzo akacheka mpaka machozi, akajipangusa, akaupeleka kwa wakubwa. Wakavaa miwani, wakavua, wakavaa tena. Mkubwa wao akauliza mnyama huyu ana shida gani, mbona hatulii upande mmoja.

Kadzo akasema, "Mzee, ana wakwe pande zote mbili. Mkijenga ukuta mtavunja ukoo."

Mzee akavua miwani yake. Naye alikuwa na wakwe. Ukuta ukafia hapo, tajiri akapanda mananasi yake kwingine.

Wanyama wakampigia Kadzo vigelegele mpaka mlima ukaitika, Tembo akambeba juu juu, na Kobe akacheza kwa goti lile lile bovu. Fisi akaketi mbele kabisa, mkanda shingoni, akauliza nyama iko upande gani. Nusu ya wageni wakaonyesha juu, nusu wakaonyesha chini. Akashukuru, akaondoka.

Funzo lake, wanangu, ni kwamba uongo ni kitu kibaya sana, msiuseme hata mara moja. Na ulafi nao haujawahi kumsaidia mtu.

Hadithi yangu imeshakunywa maji, imerudi mlimani kulala. Mwenye masikio kala, mwenye tumbo akajipikie.