Kidari cha Mbuzi wa Anansia

Hapo zamani, wala si ile ya wanyama kusema, zamani ya juzi tu, aliishi mlimani mwanamke mbishi, jina lake Anansia. Alibeba mikungu ya ndizi hadi sokoni, na mdomo alikuwa nao. Akiwa na mimba changa, uvimbe ukamwota pajani.

Daktari Kileo wa kituo cha afya akautazama, akasema, "Mafuta tu haya." Akaupasua kama jipu, akautupa, akamshona. Hakuupeleka kupimwa.

Anansia akajifungua. Akaja Bibi Ndetaulwa, mkandaji wa wazazi, na maji yake ya moto. Vidole vikafika kwenye kovu, vikasimama. Chini yake palikuwa na kitu kama punje ya mahindi.

"Hapa sikandi. Nenda hospitali, mwanangu."

"Bibi, si kilishatolewa?"

"Basi kimerudi. Nenda leo hii."

Mama mkwe akang'aka, akamwita bibi mchawi, akamfukuza bila hata kikombe cha chai.

Anansia aliogopa, akalia. Kisha akajifunga kanga, akaenda kwa Kileo. Kileo akapapasa, akanywea. Angeweza kusema ni uvimbe mpya. Hakusema. Akachukua kinyama, akakipeleka kupimwa, jibu likaja: saratani ya misuli, ile adimu. Akawaandikia mabingwa wa mjini: "Niliutoa vibaya, sikuupima. Kosa ni langu." Kwa barua hiyo akashushwa cheo.

Mjini madaktari wakasema, "Mguu ukatwe." Wifi zake wakasema, "Arudi afie nyumbani." Anansia akawajibu wote, "Kufa sitaki, na mguu nautaka!"

Bingwa mmoja tu, Daktari Mwantuge, alikubali kujaribu. Alisimama akipasua kwa muda wa saa tisa. Akautoa uvimbe pamoja na nyama nzima iliyouzunguka, akaunusuru mshipa wa fahamu. Anansia akatoka anachechemea, lakini kwa miguu yake miwili.

Miaka mitano ikapita, uvimbe haukurudi. Anansia akachinja mbuzi, akawaita wote watatu: bibi, Kileo na Mwantuge. Na kwao kidari, ile nyama ya kifua, hakigawanywi. Hupewa mtu mmoja, aliyestahili kuliko wote.

Bibi Ndetaulwa akasema, "Mimi niliugundua, nikala matusi. Ningenyamaza, leo mngekuwa mnapalilia kaburi."

Mwantuge akasema, "Shikamoo, bibi, lakini kugundua si kutoa. Wenzangu walitaka msumeno. Mimi nilikataa."

Kileo hakuinua uso. "Mimi nilikosa. Ila bila barua yangu, bingwa angekata padogo akidhani ni uvimbe mpya, na mizizi ingebaki. Ukweli ule umenigharimu cheo."

Anansia akachukua kisu. "Na mimi je? Nyie wote mlikuwa wima. Aliyelala mezani nani? Aliyeambiwa akafie nyumbani akagoma nani?"

Mama mkwe akaruka. "Mwenye karamu hajipi kidari!"

"Nani kasema? Kovu ni langu, mbuzi ni wangu. Na kidudu hicho kikirudi, kitanikuta nimeshiba!"

Watu wakagawanyika, huku wakicheka, huku wakiguna. Nyama inapoa, kisu ki mkononi mwake, na wanne wanakitazama kidari kimoja. Haya, nyie mliokula maneno yangu bure, semeni: je, nani alistahili?