Nusu ya Daraja la Itembe

“Kompyuta hujibu ulichouliza, haijibu ulichosahau.” Mzee Kasyupa, mwalimu mstaafu wa uhandisi, aliyasema hayo akiwa katika chumba cha kompyuta cha chuo, na wanafunzi wakacheka, wakamwuliza maneno hayo yametoka wapi. “Mnacheka? Haya, vuteni viti,” akasema. “Chanzo chake ni hiki.”

Palikuwa na mhandisi mtafiti aliyeitwa Tusekile, mzaliwa wa kijiji cha Itembe. Kazi yake ilikuwa kama hii yenu: kuchora kitu ndani ya kompyuta, kukikatakata vipande vidogo vidogo, kisha kukitwisha mzigo na kuangalia kitapinda wapi kabla hakijajengwa. Kazi nzuri, sikatai. Ila ina njia zake za mkato, nanyi mnazijua sana, msinitazame hivyo.

Mto uliitenga Itembe na zahanati na kanisa, na karibu kila masika uliondoka na mtu. Mzee Anyosisye, baba yake Tusekile, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya daraja. Aliwabembeleza wanakijiji mpaka wakabeba mawe na mchanga vichwani, na kila aliyenung'unika aliambiwa kwamba hesabu anazipiga binti yake, kwa hiyo atulie.

Lilikuwa daraja jembamba la waendao kwa miguu, sakafu ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba za chuma kushoto na kulia. Kompyuta ya Tusekile ilikuwa kongwe, ikipewa kazi kubwa inakokota. Basi akafanya wanavyofanya watu wa kazi hii. Alilipasua daraja katikati kwa urefu wake, akaipa kompyuta nusu moja tu, akaiambia kwamba nusu ya pili ni pacha wake, lolote litakalompata huyu limempata na yule. Ni desturi, wala si kosa. Kitu kikiwa sawa pande zote mbili, ya nini kukihesabu mara mbili? Akalitwisha daraja umati wa watu. Kompyuta ikajibu kwamba daraja linabeba bila wasiwasi, nalo likajengwa.

Ijumaa ya kuelekea ufunguzi, baba yake alimpigia simu, furaha imemjaa.

“Mwanangu, mambo yamekaa sawa! Jumapili tunafungua kwa ubatizo. Mchungaji atasimama majini, upande wa juu wa mto, na sisi kanisa zima tutakuwa darajani tukiimba.”

“Darajani mtasimama upande gani, baba?”

“Huo huo wa juu! Upande wa pili tukatazame nini, mawe?” Mzee akacheka.

Tusekile hakucheka. Aliaga, akarudi kwenye michoro yake. Umati wote aliowahi kuupandisha kwenye lile daraja la kompyuta ulikuwa umegawanyika sawasawa, maana kila aliyemweka kulia, pacha alimweka mwingine kushoto. Watu waliojazana upande mmoja kompyuta haikuwahi kuoneshwa.

Akalichora daraja zima, akawapanga watu wote upande wa juu. Kompyuta ilikokota mpaka jioni ndipo ikajibu. Upande wa juu ulizama, wa chini ukainuka, na sakafu ikalala upande kama bati la paa.

Aliwaza kumwambia baba yake awapange watu pande zote mbili, mambo yaishe kimya kimya. Lakini nani atamzuia mama asisogee kumwona mwanawe akibatizwa? Akapiga simu.

“Baba, usiruhusu mtu kupanda daraja.”

“Wee! Si ulisema linabeba?”

“Nilisema. Nilikosea.”

“Tusekile, unanivua nguo mbele ya watu.”

“Nisamehe, baba. Afadhali aibu kuliko misiba.”

Mzee akakata simu. Lakini Jumapili Tusekile alipofika alikuta baba yake amelifunga daraja kwa miti, naye amesimama mbele yake huku wenzake wakimtupia maneno. Tusekile hakubishana na mtu. Aliomba viroba vya mchanga vivutwe kwa kamba kutoka ng'ambo, vikae mstari kwenye ukingo wa juu, pale ambapo wangesimama waimbaji. Mstari ulipokaribia kukamilika, sakafu ikalala upande. Viroba vikaporomoka vyote mtoni, chubwi, chubwi, mpaka mbao zikabaki tupu. Mwanamke mmoja mwenye joho la kwaya aliketi chini pale pale akaanza kulia.

Baba yake akauliza kwa sauti ndogo, “Kumbe ile mashine ilikudanganya?”

“Haikunidanganya, baba. Niliiuliza habari za watu waliosimama pande mbili, ikanijibu za hao hao. Wa upande mmoja nilisahau kuwaulizia.”

 Mzee Anyosisye akawageukia watu wake. “Mmesikia wenyewe. Kompyuta hujibu ulichouliza, haijibu ulichosahau. Tutabeba mawe tena kulirekebisha daraja, na wa kwanza kubeba ni mimi.” Akainama hapo hapo, na joho lake la kanisani, akajitwisha jiwe. Tusekile akalia kama mtoto mdogo, kisha naye akatafuta lake.

Basi vijana, mkiona majibu yamepakwa rangi za kupendeza, msikimbilie kushangilia. Jiulizeni kwanza mmeuliza nini, maana kompyuta hujibu ulichouliza, haijibu ulichosahau.