Kadi Moja, Funguo Tatu

Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwishoni mtanijibu.

Kwenye chama kimoja cha akina mama mtaani Kaptembwo, watatu walipewa funguo. Nasambu kwa sababu ya miguu: hakuna kanjo, hao askari wanaofukuza wachuuzi, aliyewahi kumkamata. Chepkirui kwa sababu ya mdomo: hata landlord alikuwa akimwogopa. Wangeci kwa sababu ya moyo mgumu: huyo hakopeshi mtu kwa kumwonea huruma. Sanduku la akiba, chuma tupu, kufuli tatu, lilikaa kwa Kemunto. Yeye hakuwa na ufunguo hata mmoja. Ndiyo sheria ya chama.

Mchana mmoja Kemunto, mimba ya miezi minane, akaanza kuvuja damu. Akaanguka sakafuni, mgongo umeegemea pesa asizoweza kuzigusa. Nje, mwenye teksi: "Cash kwanza, madam." Kliniki nayo: hakuna upasuaji bila deposit. Nice system, si ndiyo? Jirani akawapigia simu wenye funguo.

Nasambu alikuwa kwenye karai la mafuta kando ya barabara, wateja wa lunch wamepanga foleni. Aliacha vyote, akatimua mbio. Aliporudi hakukuta karai, jiko wala unga.

Chepkirui alikuwa akifua kwa watu, kazi mpya. "Ukitoka kwa hiyo gate, usirudi," mwajiri akamwambia. "Baki na gate yako, mama!" Akaondoka, mikono ina povu.

Wangeci alikuwa nyumba ya pili tu. Lakini Kemunto aliwahi kumwita mwizi mbele ya chama kizima, na msamaha hakuomba. Kufuli mbili zikafunguliwa. Ya tatu ikangoja. Kemunto akaona viatu vya Wangeci vimesimama mlangoni, haviingii.

"Wangeci, please…"

"Nyamaza. Usimalize pumzi." Akapiga magoti kwenye damu, akafungua.

Mtoto akalia. Mama akapona.

Juzi ofisa wa shirika linalokikopesha chama akaja na mpiga picha. Zawadi: kadi ya bima ya afya, familia moja, mwaka mmoja. Moja! Budget ya kamera ilikuwepo, ya kadi tatu ikakosekana.

"Mama, tutajie shujaa wako."

Kemunto akawatazama wale watatu. Kila mmoja ana mgonjwa nyumbani, na Kemunto anajua kila ugonjwa kwa jina.

"Taja tu, dada, hatukuli," Nasambu akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Haya, wewe unayetikisa kichwa hapo: kamera inakungoja. Ungemtaja nani?