Mashavu na Mtihani wa Mlimani

Jamani, mpo?
Tupo.
Nina kitu mdomoni.
Kiteme.
Kikiruka?
Tutakidaka.

Basi palikuwa na Mama Kindi na binti yake, Mashavu. Mashavu alipewa jina hilo kwa kubeba njugu nyingi mdomoni, lakini kichwani alibeba hesabu nyingi zaidi. Mwalimu akianza kuuliza, yeye keshajibu.

Mwaka ule kulikuwa na mitihani miwili ya hesabu, yote siku moja. Wa Bwawani ulikuwa rahisi: ukishinda, shule yako inapewa matikiti ishirini, basi. Wa Mlimani ulikuwa mgumu, lakini mtoto akifaulu anabaki huko huko kusomeshwa na Korongo, anayejua kuhesabu hata mvua ambayo haijanyesha. Kila mtoto alichagua mmoja tu, na jani lake la kujiandikisha lilipigwa muhuri wa unyayo wa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu alikuwa Kiboko.

Mama Kindi aliwaza hadi mkia ukanywea. Mlimani mtoto akianguka, amekosa kote kuwili. Bwawani atashinda, lakini hesabu za Bwawani Mashavu alizifanya huku anatafuna. Akaona amuulize mwenyewe.

"Mama," Mashavu akasema, "mimi nataka ile hesabu ambayo nikiiona, nanyamaza kwanza."

Mama akaenda kwa Kiboko asubuhi. Kiboko akasema Bwawani. Akaenda mchana. Bwawani. Akaenda jioni, akaeleza kwa adabu zake zote. Kiboko akasema Bwawani, akazama, chubwi. Maana matikiti ya kila mwaka aliyala peke yake. Watoto hawakuonja hata mbegu.

Jirani yao alikuwa Bibi Sange, mwenye pua ndefu kama mkonga, lakini mdogo wa kuenea kwenye kifuu cha nazi. Ndiye aliyemlindia Mama Kindi wachanga wake kila alipokwenda kutafuta chakula, wala hakuwahi kudai kitu. Alipomkuta mwenzake analia, hakuuliza mengi. Alichukua lile jani la Mashavu la Mlimani, akaenda bwawani, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Kama ni habari ya Mlimani, rudi."

"Nimekuja kuuliza hesabu tu, mwenzio sikusoma. Ishirini na hamsini, ipi kubwa?"

"Hamsini, mjinga wewe."

"Kumbe. Nilisikia Mlimani wanatoa matikiti hamsini, nikadhani ni machache."

Masikio ya Kiboko yakatikisika. Akataka kujua anapewa nani.

"Mwalimu Mkuu wa mtoto aliyefaulu. Yeye mwenyewe, si mwingine."

Kiboko hakuuliza tena. Alinyanyua mguu, puu, unyayo ukaenea jani zima.

Mashavu akapanda mlima. Swali la kwanza, akanyamaza. La pili, akanyamaza. La tatu, akatabasamu. Akafaulu.

Sasa Mlimani wana desturi yao. Matikiti hupokelewa kileleni, na Mwalimu Mkuu hupanda kwa miguu yake. Jua likizama hajafika, wanayala watoto wote waliofanya mtihani. Bibi Sange aliijua desturi hiyo, ila hakuulizwa.

Kiboko akapanda hatua tatu, poromo, chubwi. Akapanda hatua nne, poromo, chubwi. Jua likazama. Huko juu watoto wakasikika wakitema mbegu, pf, pf, pf.

Mama Kindi alimkumbatia Bibi Sange. Kisha akaenda bwawani. Akamwambia Kiboko ahsante, kwa moyo mweupe kabisa, maana bila unyayo ule mtoto wake asingepanda.

Kiboko alikuwa hajawahi kushukuriwa na yeyote. Alikohoa, akatazama pembeni.

"Mwambie asome," akasema. Akazama polepole, bila kishindo.

Hapo ulimi wangu umetua. Ahsanteni kwa masikio yenu.

Funzo? Funzo ni hili: mzazi, usijisumbue na mitihani ya mtoto. Mwachie Mwalimu Mkuu. Yeye ndiye anayejua hesabu.