Mkana Boda Huikimbilia kwa Miguu

Mkana boda huikimbilia kwa miguu. Ndilo neno alilorushiwa Wesonga hapa jikoni, nanyi mkacheka mpaka mkamwaga unga. Asubuhi alisema mbele ya watu kwamba jiko la makaa si jiko, jiko ni la gesi. Sasa gesi imeisha chapati ikiwa mbichi upande mmoja, na ni yeye huyo huyo aliyezunguka nyuma ya nyumba kulitafuta lile la makaa. Lakini nikiwauliza boda imeingiaje katika mambo ya chapati, mnatazamana. Basi sogeeni, moto bado unashika. Methali hii haikuachwa na wahenga msiowajua. Ilitoka katika boma la kaka yangu Mangeni, kule Matayos, nami nilikuwa nimeketi hapo hapo, na mshtuko wa siku ile haujanitoka. Ilianza hivi.

Katika ujana wake Mangeni alibeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia. Kutoka lango la Kenya hadi lango la Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mtu mwenye mizigo, na vijana wa baiskeli walisimama njiani wakiita, "Boda! Boda!" Yaani mpaka, kwa Kiingereza chao: panda nikupeleke ng'ambo ya pili. Jina lilizaliwa hapo, kwenye jasho la hao vijana. Pikipiki zilikuja baadaye, zikalikuta jina limeshakaa, zikalichukua.

Kaka yangu aliendesha mpaka mapaja yakawa magumu kama mwiko wa ugali wa harusi. Akaoa kwa kazi hiyo, kisha akafungua duka la mabati na misumari. Duka likakua, naye akakua nalo, tumbo pamoja na maneno. Baiskeli yake sijui aliipeleka wapi. Ukimkumbusha siku za mpakani, alikohoa na kukuuliza habari za mvua.

Kifungua mimba wake, Ajiambo, alipendana na kijana wa Bunyala aitwaye Egesa, fundi wa kuchomelea vyuma. Mimi siridhiki upesi na vijana wa watu, lakini yule nilimpenda. Alimtazama Ajiambo kana kwamba ameambiwa atamwona mara moja tu. Wakaja wazee wake kuzungumza mahari, wakiongozwa na amu yake aliyemlea, mzee Bwire. Ng'ombe walikubaliwa bila kelele. Watu walipoanza kunyoosha miguu, Mangeni akasafisha koo na kuongeza la mwisho.

"Na boda moja, ya baba."

"Boda mtapata," akasema mzee Bwire. "Tena nzuri."

Wakapeana mikono. Hakuna aliyeuliza boda gani, na nani angeuliza? Kila mtu pale alijua boda ni nini. Taabu ni kwamba kila mmoja alijua yake. Upande wa kwao Bwire, ambako mzee mwenyewe alikuwa bado anabeba abiria na kuziba pancha, boda ni baiskeli, na yenye injini huitwa pikipiki. Kwetu Matayos ukitamka boda, hata mtoto wa kunyonya anasikia mngurumo. Kaka yangu alikwenda akanunua helmeti nyekundu kabla ya wiki kwisha, na kila nikimtembelea niliikuta juu ya kabati, imefutwa vumbi.

Siku ya mahari ikafika. Ng'ombe walitangulia asubuhi, kisha wakwe wakaingia na pikapu, na nyuma ya pikapu kilisimama kitu kimefunikwa shuka ya maua. Kilikuwa kinene, kimejaa kila upande. Wanawake tukatoka mbio. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakwaruza. Vijana wakakishusha kwa uangalifu, wakakisimamisha mbele ya kiti cha Mangeni, na Ajiambo akachungulia dirishani akiwa amefumba mdomo kwa viganja viwili. Kaka yangu, mbele ya ukoo wote na mchungaji, akavaa helmeti na kufunga kamba kidevuni.

Mzee Bwire akavuta shuka.

Ilikuwa baiskeli.

Kigelegele changu kilikatika katikati kama uzi. Ilikuwa blakimamba, zile nyeusi za chuma kizito, mpya kabisa, imepakwa mafuta, na nyuma ina kiti cha sponji chenye mashada ya rangi. Unene ule ulikuwa wa blanketi za bibi na magunia ya sukari waliyoyafunga juu yake. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba sinia la soda, nikaona chupa zikianza kugongana zenyewe. Niligeuka kumtazama kaka yangu, na ndani ya ile helmeti uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Boda, mkwe," akasema Bwire kwa furaha. Hakuwa na hila yule mzee. "Nimeifunga mwenyewe, nati kwa nati."

"Hii ni baiskeli!"

"Ndiyo. Boda."

"Boda ina injini!"

Mzee Bwire akajipiga paja. "Injini ni hii."

Kuna kijana alicheka, akakanyagwa mguu na mama yake. Mangeni akasimama. "Bwire, usinichezee mbele ya watu. Boda inanguruma. Hii inanguruma?"

Bwire, kwa kuwa aliulizwa, akabonyeza kengele. *Kring, kring.* Nilitamani ardhi inimeze.

"Sikiliza," akasema kaka yangu. "Kwetu mtoto hupewa jina la babu. Babu akishakwenda, jina ni la mtoto. Ukiita jina hilo, anaitika mtoto. Baiskeli ilikuwa na jina, sawa. Sasa jina ni la pikipiki."

"Lakini babu hajafa, mkwe," akasema Bwire taratibu, mkono juu ya kiti cha sponji. "Huyu hapa amesimama. Mbona mnamrithi akiwa hai?"

Neno hilo liliwaingia watu. Wazee wakaanza kubishana wao kwa wao, huyu akisema vyote viwili ni boda kwa kuwa vyote vinabeba, yule akisema kubeba si hoja, hata punda anabeba na hajaitwa boda. Egesa alikuwa amesimama kando ya pikapu. Mwishowe akasema, "Baba, kama ni kosa, nipe muda nitatafuta hiyo nyingine." Mangeni hakumtazama. Alikuwa ameaibika, na mtu mzima akiaibika mbele ya majirani huwa haoni njia ya kurudi.

"Ondokeni na ng'ombe wenu," akasema. "Hakuna ndoa. Mimi siwezi kumtoa binti kwa watu wasiojua kuita vitu majina. Baiskeli haijawahi kuwa boda. Haijawahi! Na asiyeelewa hilo aondoke hapa kwangu."

Ndani ya nyumba Ajiambo alilia kwa sauti moja tu, ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Hapo ndipo mke wa Mangeni, Taaka, alipotoka jikoni akipangusa mikono kwenye leso. Taaka si mtu wa maneno. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akimjibu mumewe mbele ya wageni.

"Baba Ajiambo, sikukusikia vizuri. Umesema haijawahi?"

"Haijawahi."

"Siku uliyokuja kwetu Nambale, baba yangu alikuuliza una nini. Ulimwambia nini?"

Kaka yangu akakohoa, akamuuliza mchungaji habari za mvua.

"Ulimwambia, nina boda," akasema Taaka. "Baba alinitoa kwa neno hilo. Hukuwa na ng'ombe, hukuwa na duka. Ukanipakia nyuma, sanduku langu mapajani, tukaja. Sasa leo ninasikia haikuwa boda. Basi ulimdanganya baba yangu, na mimi nimekaa hapa kwa uongo, nikazaa watoto kwa uongo. Umesema asiyeelewa aondoke. Mimi sijaelewa."

Akaifikia ile baiskeli, akatoa blanketi, akatoa magunia ya sukari moja moja, akayaweka chini. Akapangusa kiti cha sponji kwa pindo la leso. Kisha akaketi, miguu upande mmoja, kama wanawake tulivyokuwa tukiketi zamani.

"Nipeleke Nambale," akamwambia mzee Bwire.

Wajukuu zangu, nimeona mengi. Nimeona radi ikipasua nyumba. Lakini hilo lilinitisha zaidi. Kwetu mama mkwe hampi hata mkono mwanamume wa ukweni, sembuse kukaa nyuma yake baiskeli moja! Mchungaji aliinua macho mbinguni. Mzee Bwire mwenyewe alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mama, mimi ni mkwe wako."

"Sijamwita mkwe," akasema Taaka. "Nimeita boda. Unabeba ama hubebi?"

Bwire akatazama kulia, akatazama kushoto, asipate wa kumwokoa. Kisha nikaona mgongo wake ukinyooka. Alikuwa mtu wa kazi yake, na mtu wa boda hachagui abiria.

"Ninabeba. Shika vizuri, mama."

Wakatoka langoni. Kengele ikalia mara moja barabarani, kisha kimya. Kaka yangu alicheka kidogo, akasema atarudi tu. Hakuna aliyecheka naye. Nikamwendea karibu kabisa.

"Mangeni," nikamwambia, "mke aliyerudi kwao kwa sababu uliwadanganya, utakwenda kumchukua kwa neno gani?"

Naona ndipo ilipomfikia. Pikipiki zilizoleta majirani zilikuwa zimerudi stendi. Pikapu ilikuwepo, lakini ni ya wakwe aliokuwa ametoka kuwatukana. Kaka yangu akashika suruali kiunoni, akatimua mbio, na helmeti kichwani. Sisi sote nyuma yake.

Barabara pale inashuka hadi kwenye kalvati, halafu inapanda hadi njia panda penye stendi ya pikipiki. Kwenye mpando Bwire akapunguza mwendo, maana Taaka si mwepesi, na Mangeni akaanza kusogea.

"Simamisha hiyo kitu!" akapiga kelele.

Hawakugeuka.

"Baiskeli! Wewe wa baiskeli! Simama!"

Taaka alinisimulia mwenyewe baadaye kwamba Bwire alimwambia, "Mama, kuna mtu nyuma anaita baiskeli." Naye akamjibu, "Muache aiite. Sisi ni boda. Endesha."

Walifika juu. Baada ya stendi barabara inashuka moja kwa moja kuelekea Nambale, na baiskeli ikishaushika mteremko ule hakuna mtu wa miguu atakayeipata. Mangeni alilijua hilo kuliko yeyote, ameupita mteremko huo mara ngapi akiwa kijana. Akaliona gurudumu la mbele linaanza kuinama. Na kutoka tumboni kwake ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za mpakani.

"Boda! Boda! Boooda!"

Baiskeli ikafunga breki.

Lakini waliosikia si hao peke yao. Stendi nzima iliruka. Pikipiki zikapigwa kiki kwa pamoja, zikamjia kaka yangu kutoka kila upande, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza, vumbi limeipaka helmeti yote. "Mzee, panda! Mzee, wapi? Mimi ndiye umeita!"

"Si nyinyi!" akalia kaka yangu, akizisukuma kwa mikono. "Ondokeni! Sijaita nyinyi! Mimi nimeita boda!"

Na kidole chake kikaelekea kwenye ile baiskeli.

Vijana wa stendi wakazima injini. Mmoja wao, mpole wa sura, akauliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa mzee, kwani sisi ni nini?" Kaka yangu alikuwa ameinama, ameshika magoti, anatafuta pumzi.

Taaka akageuza kichwa. Hakushuka.

"Umeita nini, Baba Ajiambo? Sema kwa sauti, wenzako wasikie."

"Boda."

"Ipi?"

"Hiyo uliyokalia."

"Na ile ya Nambale?"

Mangeni akafungua kamba kidevuni, akaivua ile helmeti, akasimama nayo mkononi. "Ile nayo ilikuwa boda," akasema. "Nilikuja kwenu na boda. Sikumdanganya baba yako." Sauti ilikuwa ndogo, lakini tulimsikia sote.

Taaka akamgusa Bwire begani. "Geuza, mkwe. Tunarudi kwa harusi."

Akarudi kwake kama alivyoingia mara ya kwanza, ameketi nyuma, miguu upande mmoja. Kaka yangu alifuata kwa miguu, helmeti kwapani, na pikipiki zote za stendi nyuma yake zikipiga honi. Ajiambo alikuwa amesimama langoni, macho yamevimba, na Egesa kando yake. Safari hii nilisubiri kwanza nione Mangeni anashika usukani wa ile baiskeli na kusema, "Nimepokea boda." Ndipo nikapiga vigelegele.

Wa stendi ndio walioisambaza methali hii. Ukimdharau mtu aliyekulea, ukijifanya hujui ulikotoka, wanakwambia hilo neno, hata hawajui jina la kaka yangu. Na msiniulize tena kama pikipiki ni boda. Ni boda. Ni mjukuu mwenye jina la babu, na babu bado yuko barabarani, basi waitwe wote na waitike wote.

Haya, makaa yamekolea. Wesonga, kikaango hicho unakibandika juu ya nini? Umesema nini? Jiko? Sema kwa sauti, mwanangu, wenzako wasikie. Mkana boda huikimbilia kwa miguu.